Stempu moja, nchi tatu: kisa cha kuvunjika kwa Posta na Simu ya Afrika Mashariki

Aprili 1977 Kenya, Uganda na Tanzania zilitoa stempu za kuadhimisha miaka 25 ya mashindano ya magari ya Safari Rally. Ukiziweka mezani pamoja utaona michoro ni ile ile. Kilichobadilika ni jina la nchi tu. Wakati stempu hizo zinauzwa kaunta, mpaka wa Tanzania na Kenya ulikuwa umeshafungwa tangu tarehe 4 Februari mwaka huo. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilikuwa limeshasimama. Kufikia Julai mosi Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ilikuwa imekwisha.

Yanapozungumzwa mambo ya kuvunjika kwa Jumuiya, watu wanakumbuka ndege zilizozuiwa viwanjani na mabehewa ya reli yaliyobaki upande wa pili wa mpaka. Posta hutajwa mwishoni, kama nyongeza. Naona hilo si haki. Ndege zilikuwa na madeni na reli ilikuwa imechoka, kwa hiyo ni rahisi kusema zilikufa kwa ugonjwa wao wenyewe. Posta na Simu, shirika la pamoja la nchi hizo tatu, haikuwa na kelele hizo. Barua zilifika, simu ziliita, mishahara ililipwa. Ukitaka kujua Jumuiya iliuawa na nini hasa, angalia lile shirika lililokuwa na nafuu kuliko mengine, ujiulize kwa nini nalo halikupona.

Lilivyoungana

Muungano huo haukuanza na wakina Nyerere, Kenyatta na Obote. Idara ya posta ya Kenya na Uganda ilikuwa moja tangu mapema katika ukoloni wa Mwingereza. Tanganyika ilikuja na historia yake. Wajerumani walifungua ofisi za posta Dar es Salaam na Bagamoyo mwaka 1890, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, njia ya baharini ilipofungwa, walifikia hatua ya kuchapa stempu kwenye mtambo wa misheni ya Vuga, Usambara. Baada ya vita Mwingereza akakabidhiwa Tanganyika, na kuanzia 1922 ikawa na stempu zake zenye kichwa cha twiga.

Tarehe 1 Januari 1933 idara hizo mbili ziliunganishwa. Dunia ilikuwa katika mdororo mkubwa wa uchumi na serikali zote zilikuwa zinatafuta pa kubana matumizi. Undugu haukuhusika, na ni vizuri kulikumbuka hilo. Ofisi mbili za wakubwa zikawa moja, na safari za mifuko ya barua zikapangwa kwa ratiba moja.

Mwaka 1935 zikatoka stempu za pamoja. Ni seti nzuri sana. Kuna korongo wenye taji, simba, Mlima Kilimanjaro, Mlima Kenya, Ziwa Naivasha, daraja la Jinja kando ya maporomoko ya Ripon, na jahazi likiwa Ziwa Victoria. Stempu hiyo ya jahazi ina jambo ambalo wakusanyaji wanalijua vizuri: katika toleo la kwanza kamba ya kushoto haikugusa tanga. Mchoraji aliacha upenyo mwembamba usioonekana bila lenzi, na baadaye bamba likarekebishwa kamba ikafika mahali pake. Leo watu hulipa bei tofauti kwa ajili ya upenyo huo. Naitaja kwa sababu inaonyesha jinsi kipande hicho kidogo cha karatasi kilivyotazamwa kwa makini na watu wa nchi zote, na nchi zote tatu zilikuwa na sehemu yao ndani ya seti moja.

Kisheria mambo yakaendelea kukomaa. Mwaka 1949 huduma hiyo ikawa inajiendesha kwa hesabu zake chini ya Halmashauri Kuu ya Afrika Mashariki, chombo cha kikoloni kilichosimamia huduma za pamoja, haitegemei tena bajeti ya serikali moja moja. Karibu na Nairobi, eneo la Mbagathi, kikajengwa chuo cha pamoja cha mafunzo. Mafundi simu na makarani wa posta kutoka Tanganyika, Uganda na Kenya walikwenda kusomea hapo. Walijifunza fomu zile zile, mihuri ile ile, namna ile ile ya kufunga gunia la barua na kulipiga lakiri. Fundi aliyetoka Mbagathi ungeweza kumpeleka Tabora au Gulu akaanza kazi siku hiyo hiyo.

Zanzibar ilibaki nje kwa muda mrefu. Ilikuwa na posta yake na stempu zake, na stempu hizo ziliendelea kutumika hata baada ya Muungano wa 1964, hadi mwisho wa 1967.

Uhuru nao haukuuvunja utaratibu huu. Tanganyika ilitoa stempu zenye jina lake pekee Desemba 1961, Uganda Oktoba 1962, Kenya Desemba 1963. Lakini stempu ya nchi yoyote ilikubalika katika nchi zote tatu. Sambamba na hizo ziliendelea kutoka stempu za pamoja zenye majina yote matatu, na majina hayo yalizungushwa: stempu hii Kenya imeanza, ile Uganda, nyingine Tanzania. Hakuna aliyetaka kuwa wa mwisho siku zote. Mtu anaweza kuona ni jambo dogo. Mimi naona hapo ndipo ushirikiano ulipoonekana kwa macho, kwa sababu kuna watu waliokaa kikao wakakubaliana zamu.

Mfuko mmoja

Sasa tuje kwenye kiini cha kisa.

Stempu ni huduma iliyolipiwa kabla. Pesa inapokelewa inapouzwa, kazi inafanyika barua inapokwenda. Mtu akinunua stempu Kisumu na kumwandikia nduguye wa Mwanza, posta ya Kisumu imepata pesa na posta ya Mwanza imepata kazi: kupokea gunia, kuchambua, kupiga mhuri, kutia barua kwenye sanduku. Nchi mbili zenye mashirika mawili huwa na kanuni za kufidiana, na leo kanuni hizo huwekwa na Umoja wa Posta Duniani. Lakini Kisumu na Mwanza hazikuhitaji kudaiana. Pesa yote ilikwenda mfuko mmoja, na mfuko huo ukalipa mishahara ya Kisumu na ya Mwanza.

Faida ya mfuko huo haikuwa kwenye barua. Kwa kawaida barua hazileti faida kubwa, na posta ya wilaya ya mbali yenye watu wachache na barabara mbaya huwa ni hasara tupu. Anayeleta faida ni simu, hasa simu za mijini na za ofisi. Ndiyo maana Posta na Simu zilikuwa kitu kimoja. Simu ya mfanyabiashara wa Nairobi ilisaidia kulipia karani wa Sumbawanga na gari la barua la Karamoja. Nchi yenye simu nyingi ilikuwa Kenya, na hapo ndipo manung'uniko yalipokuwa yanatokea pande zote mbili. Wakenya waliona wanabeba wengine. Watanzania na Waganda waliona mitambo mipya inakwenda Kenya kwa sababu wateja wako huko, na wateja wako huko kwa sababu mitambo iko huko. Kila upande ulikuwa na hoja.

Mwaka 1966 nchi hizo ziliachana na shilingi ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, kila moja ikaanzisha shilingi yake. Kwangu mimi, posta ya pamoja ilianza kufa siku hiyo, mwaka mmoja kabla ya Jumuiya yenyewe kuzaliwa. Najua si maoni ya wengi. Wengi huanza na mapinduzi ya Idi Amin. Lakini fikiria stempu ya shilingi moja na senti thelathini: ni shilingi ya nani? Mwanzoni swali hilo halikuwa na uzito kwa sababu shilingi zote tatu zilikuwa na thamani sawa na zilibadilishwa bila taabu. Stempu iliandikwa bei bila jina la sarafu ya nchi, na kila karani aliisoma kwa shilingi yake.

Utaratibu kama huo unasimama kwa masharti mawili: thamani ziendelee kuwa sawa, na pesa iweze kuvuka mpaka kwa uhuru kama barua inavyovuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 masharti yote mawili yalianza kulegea. Kila serikali ikaweka udhibiti wa fedha za kigeni, na fedha ya jirani nayo ikawa ya kigeni. Shilingi ya Uganda ikaporomoka mitaani chini ya Amin. Hapo stempu inayokubalika nchi tatu inakuwa njia ya kuhamisha thamani: unainunua kwa shilingi dhaifu, unaitumia penye shilingi yenye nguvu. Hawala ya posta ni hatari zaidi, kwa maana mtu analipa Kampala na ndugu yake anachukua fedha taslimu Bukoba. Hakuna benki kuu inayoweza kuliacha dirisha kama hilo wazi huku ikikagua mifuko ya wasafiri mpakani.

Makao makuu Kampala

Mkataba wa Jumuiya ulitiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967 na ukaanza kutumika Desemba mosi. Ili kupunguza manung'uniko ya kwamba kila kitu kiko Nairobi, makao makuu yaligawanywa. Reli na ndege zilibaki Nairobi, bandari zikapelekwa Dar es Salaam, sekretarieti ikawekwa Arusha. Posta na Simu ikahamishiwa Kampala.

Kwa mwaka ule ulikuwa uamuzi wa busara. Hakuna aliyejua kwamba baada ya miaka mitatu na ushee, tarehe 25 Januari 1971, Amin angempindua Obote na kuugeuza mji huo mahali ambapo mtumishi kutoka Tanzania alifanya kazi roho mkononi. Nyerere alikataa kukaa meza moja na Amin. Mamlaka ya Jumuiya, yaani kikao cha marais watatu, hakikukutana tena. Mawaziri waliendelea kukutana, lakini mambo mazito yaliyohitaji wakuu wote watatu yakawa yanapelekwa kwa nyaraka kutoka ikulu moja hadi nyingine.

Wakati huo huo fedha za mashirika zikaanza kukwama. Kiasi kilichopaswa kwenda makao makuu kikabaki katika nchi kilikokusanywa, kwa kisingizio cha uhaba wa fedha za kigeni au bila kisingizio. Kwenye reli jambo hili lilifika hadharani mapema, na likayakumba mashirika yote ya Jumuiya. Shirika lisiloweza kukusanya mapato yake mahali pamoja haliwezi kununua mtambo, haliwezi kulipa deni, na haliwezi kumsaidia karani wa Sumbawanga kwa simu ya Nairobi. Linabaki na jina. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 kila kanda ilikuwa inajiendesha kitaifa, na stempu zikafuata: mwaka 1976 majina matatu yakaondoka kwenye karatasi moja. Michoro ya pamoja ikaendelea kwa muda, na ndiyo asili ya zile stempu za Safari Rally.

Tume ya kuupitia upya Mkataba ilikuwa imeundwa chini ya William Demas kutoka Karibi. Haikuokoa kitu. Bajeti ya Jumuiya ya 1977/78 haikupitishwa na nchi zote, na Juni 30 ilipopita, hapakuwa na fedha halali za kuendeshea chochote.

Nani achukue nini

Kugawana posta ni kugumu kuliko kugawana ndege. Ndege unaweza kuihesabu. Waya wa simu unaotoka Arusha kwenda Nairobi kupitia Namanga unaukata wapi? Chuo cha Mbagathi kilijengwa kwa fedha za watu wa nchi tatu, lakini kiko Kenya. Kituo cha satelaiti cha Longonot, kilichofunguliwa mwaka 1970 kwenye Bonde la Ufa na kilichounganisha Afrika Mashariki nzima na dunia, nacho kiko Kenya. Majengo ya makao makuu yako Kampala. Tanzania ilijikuta na mtandao mpana na mwembamba, na mafundi wake wapya hawana tena pa kusomea.

Mwishoni mwa 1977 alipatikana msuluhishi, mwanadiplomasia wa Uswisi Victor Umbricht. Alifanya kazi hiyo kwa miaka zaidi ya sita. Makubaliano ya usuluhishi yalitiwa saini Arusha tarehe 14 Mei 1984 na Moi, Nyerere na Obote. Kwa mali na madeni ya Jumuiya kwa jumla, Kenya ilipewa fungu la asilimia 42, Tanzania 32 na Uganda 26. Mali zisizohamishika zilibaki pale zilipo, na nchi iliyobaki na zaidi ya fungu lake ikapaswa kufidia. Kwa hiyo Mbagathi ikabaki ya Kenya, na leo ni chuo kikuu, Multimedia University of Kenya. Longonot vivyo hivyo.

Ukizisoma asilimia hizo unapata picha ya suluhu safi. Upande wa watumishi haukuwa safi hata kidogo. Makubaliano yalitaka kila nchi iwalipe raia wake waliokuwa watumishi wa Jumuiya mafao na pensheni zao. Kwa Tanzania wazee hao, wakiwamo waliopanda nguzo za simu na waliokaa kaunta za posta miaka nenda rudi, walizungushwa kwa muda mrefu mno. Walikwenda mahakamani, wakafikia hati ya makubaliano na serikali mwaka 2005, na hata baada ya hapo waliendelea kuandamana Dar es Salaam wakidai kwamba walicholipwa hakikutimia. Wengi walifariki kabla ya kupata senti. Hasara ya kisa hiki iliwaangukia watu ambao hawakuwahi kuulizwa lolote kuhusu Mkataba.

Kaunta baada ya 1977

Kwa mtu wa kawaida, kilichobadilika kilikuwa bei na njia. Barua ya Moshi kwenda Taveta, mwendo wa saa moja kwa gari, ikawa barua ya nchi za nje. Gari la barua halikupita tena Namanga wala Holili, kwa sababu mpaka ulibaki umefungwa hadi Novemba 1983. Barua zilikwenda kwa kuzunguka. Familia zilizotawanyika pande mbili za mpaka zilirudia njia ya zamani kuliko posta: kumkabidhi mtu anayesafiri kwa njia za panya.

Kilichobaki cha pamoja ni mazoea. Nchi zote tatu ziliendelea na mtindo ule ule wa S.L.P.: ukuta wa visanduku vidogo vya chuma nje ya posta, kila kimoja na namba na tundu la ufunguo, na nyuma yake karani anayetia barua kwa mkono kutoka ndani. Kijijini barua ya mtu ilipitia sanduku la shule, la misheni au la duka. Anwani ya Nakuru, ya Mbale na ya Songea zilisomeka kwa utaratibu ule ule: jina, namba ya sanduku, mji. Kuvunjika kwa shirika hakukuligusa hilo.

Mashirika matatu ya kitaifa yalirithi pia ndoa ya posta na simu, na ndoa hiyo ilidumu hadi miaka ya 1990. Tanzania ililigawa Shirika la Posta na Simu kwa sheria za mwaka 1993, na Shirika la Posta likaanza kazi peke yake Januari 1, 1994, huku simu zikienda kwa kampuni ya simu ya TTCL. Uganda ilifanya hivyo mwaka 1998, Kenya 1999. Sababu zilizotolewa zilikuwa za maana: simu zilihitaji mtaji mkubwa na ushindani. Ila mfuko uliokuwa ukiibeba posta ya mbali ulikatwa kwa mara ya pili. Mwaka 1977 ulikatwa kati ya nchi na nchi. Safari hii ulikatwa ndani ya nchi, kati ya kinacholeta faida na kinachobeba wajibu. Kwa maoni yangu mkato huu wa pili uliiumiza posta kuliko ule wa kwanza, kwa sababu ulikuja miaka michache tu kabla simu ya mkononi haijaanza kula barua.

Jumuiya mpya iliundwa kwa mkataba uliosainiwa Novemba 30, 1999 na kuanza kutumika Julai 7, 2000. Makao yake yako Arusha tena. Mji huo pia ni makao ya Umoja wa Posta wa Afrika, ambao jengo lake jipya la ghorofa lilizinduliwa Septemba 2023. Lakini waliouandika mkataba mpya hawakurudisha mashirika ya pamoja. Kila nchi ina posta yake, stempu zake na bei zake.

Kilichoanza kurudi kwenye bei moja ni upande wa simu. Oktoba 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza mpango wa mtandao mmoja, ambao mtu akipiga simu kutoka Kigali kwenda Kampala hatozwi ile ada nzito ya nchi za nje. Ni wazo lile lile la 1933: bei moja, mpaka usihesabike. Tofauti ni kwamba safari hii kampuni nyingi zinadaiana kila dakika kwa kompyuta, na hakuna mfuko wa pamoja ambao benki kuu yoyote inaweza kuuzuia.